Farasi wa Polo: Asili Zao, Aina Zao, na Funzo Lao kwa Wafugaji wa Mpakani

Katika toleo hili tumeona vyema tuzungumze juu ya mnyama aliye adimu katika vijiji vyetu, ila habari zake zinatuhusu kuliko tunavyodhani. Mnyama huyo ni farasi, na hasa farasi anayetumika katika mchezo wa polo. Katika mikutano yetu na wananchi wa mpakani, ambako mazoea ni kuzungumza juu ya ng'ombe, mbuzi, punda na ngamia, wapo waliotuuliza: farasi wanaoonekana kwenye televisheni wakikimbizana na mpira ni wa kabila gani? Je, ni wadogo au wakubwa? Kwa nini mmoja huuzwa kwa bei ya gari, na mwingine kwa bei ya fahali? Na polisi wana haja gani na maswali kama hayo?

Tutayajibu maswali hayo kwa utaratibu. La mwisho ndilo lenye uzito kwetu, nalo tutalifikia baada ya kueleza aina za farasi, kwa sababu jibu lake limo ndani ya maelezo hayo.

Mchezo wenyewe ulivyo

Polo huchezwa na timu mbili, kila timu ikiwa na wachezaji wanne, wote wakiwa juu ya farasi. Mchezaji hushika hatamu kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia hushika fimbo ndefu yenye kichwa cha mti mfano wa nyundo. Kwa fimbo hiyo huupiga mpira mdogo uliolala chini, akikusudia kuupitisha kati ya milingoti miwili iliyoachana kwa mita 7 na kidogo. Kucheza kwa mkono wa kushoto kumekatazwa, ili wapanda farasi wawili wanaokutana uso kwa uso wasigongane.

Uwanja wa polo ni mkubwa mno. Urefu wake hufika mita 274 na upana mita 146, yaani zaidi ya viwanja vitano vya kandanda vikiunganishwa. Mchezo hugawanywa katika vipindi vya dakika 7 hivi. Michezo midogo huwa na vipindi vinne, na ile mikubwa vipindi sita au vinane. Katika dakika hizo chache farasi hupiga shoti kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa na zaidi, husimama ghafla, hugeuka nyuma, kisha huanza upya kupiga shoti. Aidha, sheria zinamruhusu mchezaji kumsukuma mpinzani wake bega kwa bega, farasi kwa farasi, ili amtoe katika njia ya mpira.

Kazi hiyo humchosha mnyama upesi. Kwa hiyo farasi hachezeshwi vipindi viwili mfululizo, na kwa kawaida hachezi zaidi ya vipindi viwili katika mchezo mmoja. Mchezaji wa ngazi ya juu hulazimika kuja uwanjani na farasi sita, nane au zaidi. Wachezaji husema kwamba sehemu kubwa ya ushindi ni ya farasi, wala si ya mpandaji. Ndiyo maana watu wamehangaika kwa zaidi ya miaka 150 kutafuta farasi afaaye.

Kwa nini huitwa wadogo na ilhali si wadogo

Kwa desturi, farasi wa polo huitwa poni, yaani farasi mfupi. Jina hilo ni kumbukumbu ya zamani. Hapo awali palikuwa na sheria ya urefu. Farasi hupimwa kutoka ardhini hadi kwenye nundu ya mabega, pale shingo inapokutana na mgongo, na kipimo chake ni kiganja, ambacho ni sentimita 10 na kidogo. Nchini Uingereza, katika miaka ya 1870, iliamriwa kwamba farasi wa polo asizidi viganja 14, yaani sentimita 142. Baadaye kikomo kikapandishwa kidogo, kikawa sentimita 147. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia sheria hiyo ikaondolewa kabisa.

Tangu hapo, kila mtu hutumia farasi wa urefu anaoutaka. Hata hivyo, uzoefu umewarudisha wengi kwenye kadiri ya sentimita 150 hadi 160. Farasi mrefu kupita kiasi huwa mzito kugeuka, na mpira huwa mbali na mkono wa mpandaji. Farasi mfupi kupita kiasi husukumwa na kushindwa mbio. Basi jina limebaki poni, lakini mnyama mwenyewe ni farasi kamili.

Farasi wa Manipur: mzizi wa mchezo wa leo

Michezo ya fimbo na mpira juu ya farasi ilikuwako Uajemi kwa zaidi ya miaka 2000. Mjini Isfahan, katika uwanja mkuu wa mji uliojengwa zama za wafalme wa Safavi, nguzo za mawe zilizokuwa magoli ya mchezo huo zingali zimesimama. Lakini polo ya leo ilienea ulimwenguni kutoka Manipur, jimbo la kaskazini mashariki mwa India, linalopakana na Myanmar. Huko wenyeji walikuwa wakicheza mchezo waliouita sagol kangjei, na katikati ya karne ya 19 maofisa na wakulima wa chai Waingereza waliwaona wakaiga. Mwaka 1859 chama cha kwanza cha polo kiliundwa Silchar, jirani na Manipur, na mwaka 1862 kikafuata kile cha Calcutta.

Farasi wa Manipur ni mfupi, urefu wake ukiwa baina ya viganja 11 na 13. Ni mvumilivu, mwenye kwato ngumu, wala hachagui majani. Wakazi wa jimbo hilo walimtumia vitani na michezoni, na hadi leo mechi huchezwa naye katika uwanja wa kale uliopo Imphal. Lakini mchezo ulipohamia nchi nyingine farasi warefu walimpokonya nafasi, na katika nchi yake mwenyewe malisho yamepungua pamoja na idadi yake. Mnyama aliyeupa ulimwengu mchezo huu sasa anahitaji kulindwa asitoweke.

Thorobredi: mwenye kasi

Aina ya pili, ambayo damu yake imo katika karibu farasi wote wa polo wa leo, ni Thorobredi, yaani farasi wa mashindano ya mbio aliyetokea Uingereza katika karne ya 17 na ya 18. Wafugaji wa Kiingereza waliwapandisha majike wao kwa madume walioletwa kutoka nchi za mashariki. Madume watatu kati yao wamekuwa mababa wa kabila zima kwa upande wa kiume: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Kila Thorobredi aliye hai, nasaba yake ya kiume huishia kwa mmoja wa hao watatu, na hilo linajulikana kwa sababu kila mzao aliandikwa kitabuni. Tunawaomba wasomaji walikumbuke neno hilo, kuandikwa kitabuni, kwa maana tutalirejea.

Sifa za Thorobredi ni mbio, pumzi ndefu na moyo wa kushindana. Upungufu wake ni kwamba damu yake ina moto. Huchukua muda kutulia, na miguu yake ni myembamba. Farasi wengi wa polo katika nchi mbalimbali ni Thorobredi waliostaafu mbio, au ambao kasi yao haikutosha kushinda mbio ndefu lakini yatosha na kuzidi katika uwanja wa polo. Farasi wa mbio hufundishwa kukimbia mbele tu, hivyo anapoingia katika polo hana budi kufundishwa upya namna ya kusimama na kugeuka.

Kriolo: mvumilivu wa nyika

Aina ya tatu ni Kriolo wa Argentina. Wahispania walipofika nchi za mto Plata katika karne ya 16, walikuja na farasi wao. Baadhi ya wanyama hao waliachwa au walitoroka, wakaishi porini katika tambarare zisizo na mwisho. Jua, baridi, ukame na wanyama wakali vikawachagua, waliodhoofika wakafa na wenye nguvu wakazaa. Baada ya karne tatu hivi lilipatikana kabila la farasi wafupi, wenye vifua vipana, mifupa mizito na uvumilivu wa ajabu.

Habari moja yatosha kuwa ushahidi. Mwaka 1925, mwalimu mmoja mzaliwa wa Uswisi, Aimé Félix Tschiffely, aliondoka Buenos Aires akiwa na farasi wawili wa Kriolo, Mancha na Gato, ambao hawakuwa vijana tena. Alipita milima ya Andes, majangwa na misitu, akafika Marekani mwaka 1928, baada ya safari ya takriban kilomita 16,000. Farasi wote wawili walirudi Argentina wakiwa hai. Wachungaji wa ng'ombe wa Argentina walimpenda Kriolo kwa sababu hujua kumfuata ng'ombe, kusimama anaposimama na kugeuka anapogeuka. Mfugaji yeyote wa kwetu ataelewa mara moja kwa nini mnyama wa namna hiyo alifaa pia kufuata mpira.

Polo Argentino: mtoto wa wawili

Argentina ilianza kucheza polo katika miaka ya 1870, na mashindano yake makuu yalianza mwaka 1893. Wafugaji wa huko walitambua kwamba Thorobredi ana kasi bila utulivu, na Kriolo ana utulivu bila kasi. Wakawachanganya. Waliwapandisha majike wa Kriolo kwa madume wa Thorobredi, wakachagua katika watoto wale waliochezeka vizuri, wakawapandisha tena, kizazi baada ya kizazi. Matokeo yake ni farasi anayeitwa Polo Argentino, ambaye leo ndiye anayetafutwa kuliko wote ulimwenguni. Mwaka 1984 wafugaji wake waliunda chama chao, na daftari la nasaba likafunguliwa.

Katika aina hii kigezo cha uchaguzi hakikuwa rangi wala umbo la kichwa. Swali lilikuwa moja tu: je, mama yake alicheza vizuri? Kwa hiyo utawaona wa rangi zote, mwekundu, mweusi, wa kijivu na wa kahawia, lakini wote wana mgongo mfupi, mapaja yenye nguvu na shingo inayopinda kwa wepesi.

Farasi wa robo maili na ndugu zake

Marekani wana farasi wao aliyepata jina lake kutokana na mashindano ya robo maili, yaani mita 400. Katika umbali huo mfupi huwashinda farasi wengi. Ni mpana wa mapaja, mtulivu, na amezoea kazi ya ng'ombe. Wachezaji wengi humchanganya na Thorobredi ili kupata mwanzo wa kasi na kusimama kwa haraka. Nako Australia, farasi wa mashambani anayetumika kuchunga ng'ombe ameingia uwanjani kwa sababu hizohizo.

Barani Afrika, mchezo una mizizi katika nchi kadhaa. Kaskazini mwa Nigeria vyama vya polo vimetumia kwa miaka mingi farasi wa Saheli, wale wanaotoka pande za Niger, Chad na Sudan, ambao wamezoea joto na vumbi. Wenye fedha huongeza farasi wa Argentina. Jirani zetu wa Kenya wana chama cha polo cha Nairobi kilichoanzishwa mwaka 1907, na mchezo huchezwa pia Gilgil, katika Bonde la Ufa. Huko wengi wa farasi ni Thorobredi waliotoka katika uwanja wa mbio wa Ngong, au watoto wao. Mchezo huchezwa pia upande wa Arusha, Tanzania.

Majike na mafunzo

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba farasi wa polo, kwa sehemu kubwa, ni majike. Wachezaji husema jike ni mwepesi wa kuelewa na ana moyo wa kutokubali kushindwa. Madume huachwa kwa ajili ya uzazi, au huhasiwa.

Mafunzo huanza mnyama akiwa na miaka mitatu hivi. Hufundishwa kwanza kumkubali mpandaji, kisha kuongozwa kwa mkono mmoja, hatamu ikigusa shingo yake upande huu ageuke upande ule. Halafu huzoeshwa fimbo inayopita karibu na macho yake, mpira unaogonga miguu yake, na bega la farasi mwingine. Wengi huanza mechi za kweli wakiwa na miaka mitano au sita, na mwenye kutunzwa vizuri aweza kucheza hadi kupita miaka 15. Kabla ya mchezo manyoya ya shingo hunyolewa yasinase fimbo, mkia hufungwa, na miguu huviringwa bandeji. Kazi hiyo yote hufanywa na saisi, mtunza farasi, ambaye mara nyingi humjua mnyama kuliko mwenye mali.

Katika Argentina utaalamu umekwenda mbali zaidi. Jike hodari hutolewa kiinitete kikapandikizwa katika tumbo la jike mwingine, ili yeye aendelee kucheza huku watoto wake wakizaliwa. Na si hivyo tu. Desemba 2016, mchezaji mashuhuri Adolfo Cambiaso alishinda fainali ya mashindano makuu ya Palermo, Buenos Aires, akiwa amepanda nakala sita za jike mmoja aitwaye Cuartetera, yaani farasi waliotengenezwa maabara kutokana na chembe za mwili wake. Katika mbio za Thorobredi jambo hilo limekatazwa, maana anayesajiliwa ni yule tu aliyezaliwa kwa kupandana kwa asili.

Farasi wa polo na farasi wa polisi

Msomaji aweza kuuliza kama farasi wa polo afaa kazi ya polisi. Jibu letu ni kwamba wakati mwingine afaa, lakini kazi ni mbili tofauti. Farasi wa polisi anayetumika mijini hutakiwa awe mrefu na mzito, ili mpandaji aone mbali juu ya umati, na awe mtulivu hata kelele zikivuma. Farasi wa polo amefundishwa kuruka mbele mara tu aguswapo, na tabia hiyo ni hatari karibu na watoto. Kwa doria za nyikani hali ni nyingine, kwani huko wepesi na uvumilivu hutangulia uzito. Kikosi cha polisi wa Kenya cha kupambana na wizi wa mifugo, chenye makao yake Gilgil, kimetumia farasi katika maeneo ambayo gari haliwezi kupita. Hivyo katika mji huohuo farasi mmoja hufuata mpira, na mwingine hufuata nyayo za ng'ombe walioibwa.

Ugonjwa hauulizi pasipoti

Sasa tunakaribia jambo linalotugusa sote. Farasi wengi hawaishi kwa raha katika nchi zetu, kwa sababu ya maradhi mawili. La kwanza ni nagana, linaloenezwa na mbung'o. La pili ni lile liitwalo ugonjwa wa farasi wa Afrika, linaloenezwa na visubi, vile vidudu vidogo vinavyouma jioni na usiku. Farasi asiye na kinga akiambukizwa ugonjwa huu wa pili, uwezekano wa kufa ni mkubwa mno. Katika mlipuko mbaya hufa tisa katika kumi na hata zaidi. Pundamilia hubeba virusi hivyo bila kuonekana mgonjwa, na punda wa Afrika huugua kidogo tu au asiugue kabisa. Kwa maana hiyo mnyama mzima machoni aweza kuwa mlango wa kifo kwa wengine.

Mwaka 2020 ugonjwa huo ulitokea Thailand, mahali ambapo haukuwa umewahi kuonekana, na mamia ya farasi walikufa. Wataalamu wengi walielekeza shaka yao kwa pundamilia walioingizwa kutoka Afrika. Tunaitaja habari hiyo kwa makusudi. Wapo wasafirishaji wanaoona cheti cha daktari wa mifugo kuwa ni usumbufu na kizuizi cha biashara, wakachagua njia za vichochoroni usiku. Usiku ndio wakati wa visubi, na kichochoro hakina karantini.

Kwa hiyo farasi wa polo anapovuka mpaka kwenda kucheza nchi jirani hasafiri na tandiko tu. Husafiri na cheti cha afya, ushahidi wa chanjo na kitabu chake cha utambulisho.

Mali bila daftari

Tumefika kwenye jibu la swali la mwisho: polisi wana haja gani na farasi wa polo? Haja yetu ni kile kitabu cha utambulisho.

Kitabu hicho kina mchoro wa farasi ukionyesha pande zote mbili za mwili, uso na miguu. Juu ya mchoro huo daktari huchora kila alama: baka jeupe usoni, mguu wa nyuma uliokuwa mweupe hadi kwenye kifundo, kovu, na hata ile mizunguko midogo ya manyoya kwenye paji la uso na shingoni, ambayo hutofautiana kutoka farasi hadi farasi kama alama za vidole vya binadamu. Wengi pia hutiwa kidude kidogo cha kielektroniki chini ya ngozi ya shingo, upande wa kushoto, chenye nambari isiyofanana na nyingine. Farasi wawili wekundu waliozaliwa siku moja na baba mmoja hawawezi kubadilishana majina. Akipotea mmoja, mwenye mali hasemi amepoteza farasi mwekundu. Husema amepoteza huyu, na huonyesha karatasi.

Linganisheni na yale tunayokutana nayo vituoni. Mwananchi hufika alfajiri amechoka, akasema ameibiwa punda watatu. Tunamwuliza wako vipi. Hujibu: ni wa kijivu. Tunamwuliza wana alama gani. Hujibu: mimi nawajua nikiwaona. Nasi tunaamini kwamba anawajua, lakini askari wa upande wa pili wa mpaka, ambaye hajawahi kuwaona, atawatambuaje kati ya punda mia mnadani? Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Punda tumemtaja kwa sababu yeye ndiye jamaa wa farasi aliye kwetu, na ndiye aliye hatarini. Ngozi yake hutafutwa ili kutengeneza dawa ya asili nchini China. Biashara hiyo ilipokua, wizi wa punda nao ulikua katika nchi nyingi za Afrika. Serikali ya Kenya ilitangaza kupiga marufuku uchinjaji wa punda wa kibiashara mwaka 2020, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliidhinisha marufuku ya miaka 15 ya kuwachinja punda kwa ajili ya ngozi zao. Lakini marufuku bila wananchi ni maneno juu ya karatasi. Mama anayebeba maji kwa punda, akiibiwa, hubeba maji kwa kichwa kesho yake, na mtoto wake wa kike huacha shule amsaidie. Husemwa kwamba shukrani ya punda ni mateke. Pamoja na mateke yake, tukimkosa ndipo tujuapo alivyokuwa akitubebea.

Mambo ya kufanya

Si lazima mfugaji wa kijijini awe na fedha za wenye farasi wa Argentina ili afuate utaratibu wao. Tunawaomba wasomaji wetu wafanye yafuatayo.

Kwanza, kila mfugaji awe na daftari. Kila mnyama, awe punda, ng'ombe, ngamia au farasi, apewe ukurasa wake: jinsia, umri, rangi, alama za mwilini upande wa kulia na wa kushoto, na chapa kama anayo. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa shule amwandikie.

Pili, mwenye simu ya picha ampige kila mnyama picha nne: uso, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na nyuma. Nakala ya picha hizo aiweke kwa jamaa mwingine, maana mwizi aweza kuchukua na simu pia.

Tatu, anayenunua mnyama asikubali kununua usiku wala njiani. Adai barua ya mwenyekiti wa kijiji anakotoka mnyama, na kibali cha daktari wa mifugo cha kumsafirisha. Bei ikiwa nafuu kupita kiasi, ajiulize sababu. Anayenunua mali ya wizi huku akijua ni mshirika wa mwizi, na anayenunua bila kuuliza hujitia mashakani.

Nne, anayevuka mpaka na mnyama apite kwenye kituo halali, ajitambulishe kwa maofisa wa mifugo na aonyeshe vyeti vya afya na chanjo. Kufanya hivyo kunamlinda yeye, majirani zake, na hata wale wafugaji wa mbali asiowajua.

Tano, mnyama akipotea, taarifa itolewe mara moja, siku hiyohiyo, katika kituo cha polisi kilicho karibu, pamoja na daftari na picha. Wenzetu wa upande wa pili wa mpaka tunashirikiana nao, na maelezo kamili yakiwafikia mapema, mnyama aweza kukutwa kabla hajafika mnadani au machinjioni. Tunawasihi pia wananchi wasijichukulie sheria mikononi kwa kufuata nyayo hadi nchi jirani wakiwa na silaha. Safari za namna hiyo zimeanza kwa kutafuta mbuzi zikaishia kwa kuzika watu.

Hayo ndiyo tuliyokusudia kuyaeleza. Farasi wa Manipur alisahauliwa kwa kuwa wageni walimtaka mrefu zaidi. Kriolo alidumu kwa kuwa nyika ilimchagua. Polo Argentino alipatikana kwa kuwa watu waliandika ni nani mama yake na ni nani baba yake, mwaka hadi mwaka. Mfugaji wa mpakani naye aweza kuandika. Atakayefungua daftari leo, tukikutana naye kituoni kesho, tutakuwa na mahali pa kuanzia.